Picha Bado Haijafika Mwisho wa Reli

Katika mwalo wa Kibirizi, mjini Kigoma, hatua chache kutoka mahali ambapo maboti ya Mwamgongo na Kagunga hupakia abiria, kuna vibanda ambavyo kazi yake kubwa ni kujaza memori kadi. Abiria huchomoa kadi kwenye simu yake, humtajia kijana wa kibandani anachokitaka, iwe kwaya, bongo fleva, mahubiri, filamu ya kigeni iliyotiwa sauti ya Kiswahili au mechi ya juma lililopita, hulipa shilingi mia chache, kisha hupanda boti. Akifika kijijini, kadi ile huzunguka kwa ndugu na majirani mpaka safari nyingine. Biashara hii niliiona ikifanyika kwa kaseti, nikaiona ikihamia kwenye CD, na sasa iko kwenye kadi ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hili ndilo soko halisi la picha na sauti za simu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika: lina wateja, lina bei inayolipika, lina wauzaji wanaojua wateja wao wanapenda nini, na karibu lote liko nje ya macho ya sheria.

Naanza na vibanda hivi kwa sababu mjadala wetu kuhusu huduma za picha, video, muziki na habari kupitia simu kwa kawaida huanzia mahali pengine kabisa, kwenye hesabu ya laini zilizosajiliwa, minara iliyosimikwa na asilimia ya wananchi waliofikiwa na mtandao. Hesabu hizo ni za kweli na zina umuhimu wake. Lakini hazielezi kwa nini mtu mwenye simu janja, aliyesimama chini ya mnara unaofanya kazi, bado anaona afadhali kubeba filamu mfukoni kwa boti kuliko kuipakua. Maoni yangu ni kwamba udhibiti wetu umekuwa mkali mlangoni, pale mtengenezaji mdogo wa maudhui anapoomba kuingia sokoni, na umekuwa mlegevu kwenye droo ya fedha, pale shilingi ya mtumiaji inapogawanywa kati ya kampuni ya simu, kampuni ya kati na mwenye kazi, yaani msanii au mtengenezaji. Mpaka mizani hiyo igeuzwe, memori kadi itaendelea kushinda.

Kwa upande wa sheria, Tanzania haikuchelewa. Sheria namba 12 ya mwaka 2003 iliunganisha tume iliyokuwa ikisimamia simu na ile iliyokuwa ikisimamia utangazaji, ikazaa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa kuliko ulivyoonekana wakati ule, kwa sababu ulikubali mapema kwamba redio, televisheni na simu vinaelekea kuwa chombo kimoja. Mwaka 2005 mfumo wa leseni ukabadilishwa. Badala ya kampuni kupewa leseni kwa kufuata teknolojia inayotumia, leseni ziligawanywa katika makundi manne: miundombinu ya mtandao, huduma za mtandao, huduma zinazopita juu ya mtandao, na maudhui. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ikaupa mfumo huo nguvu kamili. Katika nchi nyingi za Afrika wakati huo, mwenye mnara alikuwa ndiye mwenye kila kitu. Hapa sheria ilimruhusu mtu asiye na hata nguzo moja ya chuma atengeneze huduma na kuiuza juu ya mnara wa mwingine.

Tatizo ni kwamba video moja kwenye simu hugusa makundi yote manne kwa pamoja, na baada ya hapo hugusa taasisi nyingine kadhaa. Mnara na masafa, yaani mawimbi ya redio yanayobeba mawasiliano, viko chini ya TCRA; wimbo uko chini ya COSOTA, taasisi ya hakimiliki; filamu ina bodi yake; malipo kwa simu yako chini ya Benki Kuu kwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015; kodi ni ya TRA; malalamiko ya ushindani yana tume yake. Kampuni kubwa ina idara ya sheria ya kuzungukia milango hiyo. Kijana wa Kasulu mwenye kamera moja na kompyuta ya mkononi hana idara hiyo, na ndiye tunayemtarajia atengeneze picha ambazo watu wa Kasulu wangependa kuzilipia.

Lipo jambo moja katika historia hii ambalo watu wengi hapa hawalifahamu, ingawa linawahusu moja kwa moja. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Wengi tunaukumbuka uamuzi ule kwa maumivu ya king'amuzi, kwa sababu televisheni iliyokuwa ikionekana bure kwa antena ilihitaji kifaa kipya. Kilichofanyika nyuma yake ni kwamba televisheni ya kidijitali inatumia masafa machache kuliko ya analojia, na masafa yaliyobaki wazi, hasa yale yaliyo karibu na megahezi 700, yanaweza kupewa simu. Masafa ya chini namna hiyo husafiri mbali kuliko ya juu na hupenya vizuri zaidi kuta na miti, hivyo mnara mmoja hutosha mahali ambapo masafa ya juu yangehitaji minara kadhaa. Kwa mkoa wenye vijiji vilivyotawanyika, na vilima vinavyoporomoka mpaka ukingo wa maji kama huu wetu, masafa hayo ni mali ya thamani mno. Katika mnada wa masafa wa Oktoba 2022, uliohusisha pia masafa ya juu zaidi, Serikali ilipata zaidi ya dola milioni 180. Mwananchi wa kijijini alilipia king'amuzi, au aliacha kutazama televisheni kabisa, ili masafa hayo yapatikane. Ana haki ya kuuliza yamerudi kwake kwa namna gani.

Sehemu ya jibu ni minara. Mei 2023, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini, kwa kuwa soko peke yake lisingefika huko. Gharama ya kuendesha mnara penye wateja wachache haitofautiani sana na ile ya mnara wa mjini, bali mapato yake ni madogo. Ruzuku ya namna hii ni matumizi mazuri ya fedha ya umma, na ninaiunga mkono bila kusita. Hata hivyo mradi huohuo ulijumuisha minara zaidi ya 300 iliyokwisha kujengwa ambayo ilihitaji kuongezewa uwezo kwa sababu ilikuwa ya 2G, yaani inapiga simu na kutuma ujumbe lakini haibebi video. Vijiji hivyo vilikuwa vimekwisha kuhesabiwa kuwa vimefikiwa. Hapo ndipo neno "kufikiwa" linapohitaji kuchunguzwa, kwa sababu kijiji kinachoweza kupiga simu na kijiji kinachoweza kutazama somo la Fizikia kwa video haviwezi kuwekwa kwenye safu moja ya takwimu. Kwenye vijiji vya mpakani vya Buhigwe na Kakonko na katika ncha ya kaskazini ya mwambao wetu wa ziwa, simu wakati mwingine hushika mtandao wa Burundi, na mtu asiyekuwa makini hujikuta akilipa gharama za nje akiwa nyumbani kwake.

Lakini tuchukulie kwamba mnara upo, ni wa 4G, na simu ni janja. Hapo ndipo hesabu ya bei inapoanza, na nitaifanya kwa ukamilifu kwa kuwa ndiyo kiini cha jambo lenyewe.

Video inayopita kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, ambayo ni picha ndogo lakini inayotazamika, hutumia takriban MB 37 kwa dakika 10. Filamu ya dakika 90 itatumia kama MB 337. Mwaka 2021, bei elekezi za TCRA kwa MB moja zilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa bei ya chini kabisa, filamu hiyo moja inamgharimu mtazamaji takriban shilingi 685 za kuisafirisha tu, kabla mwenye filamu hajapata hata senti. Kwa bei ya juu kabisa, inapita shilingi 3,100. Memori kadi ya GB 8 hubeba filamu zaidi ya 20 za ukubwa huo, na hutazamwa mara nyingi mtu anavyotaka bila kulipa tena. Mtu wa Mwamgongo anayechagua kadi hakosi elimu ya kidijitali, kama inavyosemwa mara kwa mara kwenye semina. Amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Ndani ya bei hiyo kuna kodi, na hapa Serikali haiwezi kuzielekezea kampuni kidole peke yao. Mwaka huo wa 2021 huduma za mawasiliano zilitozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha juu ya jumla hiyo ikaja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Katika kila shilingi 1,000 ya kifurushi, takriban shilingi 276 zilikuwa kodi hizo mbili. Ushuru wa bidhaa kwa asili yake ni wa vitu kama bia na sigara, ambavyo dola hutaka vitumike kwa kiasi. Mwanafunzi wa Kibondo anayepakua mtihani wa majaribio anatozwa kwa mantiki hiyohiyo. Kwa upande wa vifaa, Sheria ya Fedha ya mwaka 2021 iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, na mwaka uliofuata msamaha huo ukaondolewa. Mwaka mmoja hautoshi kwa soko la simu kubadilika. Mzigo wenyewe hupita bandarini, ukapita kwa wauzaji wa jumla Kariakoo, ukapanda treni au lori, na unapofika soko la Mwanga hapa Kigoma miezi kadhaa imekwisha kupita. Sera ya bei inayobadilika kila bajeti haimfikii kabisa mtu wa mwisho wa reli. Kabla haijamfikia, imekwisha kufutwa.

Kuhusu vifurushi, tunalo somo la Aprili 2021. Bei mpya zilianza kutumika tarehe 2, wananchi wakapaza sauti nchi nzima, na Serikali ikaamuru bei za awali zirudishwe. Watu wengi waliona tukio lile kama ushindi wa mtumiaji. Mimi naliona kama ushahidi kwamba mtumiaji hana mahali pa kusikika kabla ya bei kutangazwa, hivyo hulazimika kusubiri iumize ndipo alalamike. Hata hivyo kanuni za vifurushi za kipindi hicho zilileta mambo ya maana, yakiwamo kumruhusu mtu kuhamishia wengine salio la kifurushi na kumpa taarifa matumizi yanapokaribia kikomo. Huo ni udhibiti unaogusa droo ya fedha, na unafanya kazi. Ninachosikitika ni kwamba umeishia kwenye vifurushi, haukuingia kwenye huduma za nyongeza ambako fedha ndogondogo za watu wengi hupotea kimyakimya.

Shangazi yangu wa Mwandiga ana simu ya kitochi. Kwa muda mrefu alikuwa akiweka vocha ya shilingi 500 jioni na asubuhi anakuta pungufu, akadhani wajukuu wanamwibia salio. Nilipoikagua simu yake nilikuta amesajiliwa kwenye huduma tatu: nukuu za kila siku, habari za michezo na wimbo wa mwitikio ambao yeye mwenyewe hajawahi kuusikia, maana husikika kwa anayempigia. Hakuwahi kujiunga kwa kujua. Inaelekea alibonyeza namba kwenye ujumbe uliojitokeza kwenye kioo akidhani anaufunga. Tulipopiga simu huduma kwa wateja tuliambiwa tutume neno la kujiondoa, na fedha iliyokwisha kukatwa haikurudi. Alinitazama akaniuliza, "Mwanangu, mtu anaweza kununua kitu akiwa amelala?" Sikuwa na jibu la kumpa, na mpaka leo sina.

Kanuni za kulinda mtumiaji za mwaka 2018 zipo, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji lililoanzishwa na sheria ileile ya 2003. Kinachokosekana ni kanuni moja rahisi inayotekelezwa na mashine yenyewe: kwamba hakuna huduma ya malipo ya kujirudia itakayoanza mpaka mtumiaji aingize namba yake ya siri, kama afanyavyo anapotuma fedha, na kwamba kila baada ya siku 30 huduma isimame yenyewe asipoithibitisha tena. Teknolojia hiyo tayari iko kwenye simu ya shangazi, kwa sababu kwa kitochi kilekile hupokea na kutuma fedha kwa usalama kabisa. Udhibiti wa fedha kwa simu umefanikiwa kujenga imani ya watu wa kila rika, hata kama tozo za miamala za Julai 2021, zilizofika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja kabla ya kupunguzwa, ziliitikisa kwa muda. Imani hiyo ingeweza kuazimwa na soko la maudhui.

Nyimbo za mwitikio zinatufikisha kwa wanaozitengeneza. Kigoma imetoa wanamuziki wengi kuliko ukubwa wake unavyodokeza, na kila mzazi hapa anamjua kijana anayeota kuwafuata. Kwa miaka mingi njia ya kwanza ya msanii mchanga kupata fedha kutoka kwenye simu ilikuwa miito hiyo, na mgawanyo wake haujawahi kuwa wa wazi. Kati ya msanii na kampuni ya simu hukaa kampuni ya kati inayokusanya nyimbo na kusaini mikataba, na msanii hupokea kiasi kinachobaki bila kuona idadi ya waliopakua. Mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki Hamisi Mwinjuma na Ambwene Yessaya zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama miito bila ridhaa yao. Shauri lenyewe liliendelea katika ngazi za rufaa, na sitaki kulijadili kama mwanasheria. Ninachokiona ni kwamba ilibidi wawe watu wenye jina, wenye mawakili na wenye subira ya miaka, ili tu swali la nani alitoa ruhusa liulizwe mbele ya hakimu. Mwimbaji wa kwaya ya Uvinza ambaye sauti yake inauzwa bila yeye kujua hana njia hiyo.

Sasa linganisha ukimya huo na namna sheria ilivyomkabili mtengenezaji mdogo. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu au televisheni ya mtandaoni alipe shilingi 100,000 za maombi na shilingi 1,000,000 za leseni, na ada ya kila mwaka juu yake. Kanuni mpya zilitungwa mwaka 2020, na marekebisho ya 2022 yakapunguza ada, jambo ninalolipongeza. Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya kidijitali. Hivyo dola inamwona mtengenezaji anapoomba leseni, inamwona anapolipwa, na inamwona anapokosea, kwa kuwa adhabu zimeandikwa kwa undani. Mahali pekee ambapo haimwoni ni pale anapopunjwa.

Wapo wanaotetea leseni hizo, na hoja zao hazistahili kupuuzwa. Mtandaoni kuna utapeli, kuna picha za watoto zisizofaa, kuna uzushi unaoweza kuwasha moto, na mkoa uliopokea wakimbizi wa vita vya nchi jirani kwa miongo mingi unajua maneno yanaweza kufanya nini. Nakubali kwamba lazima awepo mtu wa kuwajibika. Lakini ada kubwa haichuji uzushi. Mzushi hafungui ofisi wala haombi leseni. Hutumia akaunti isiyo na jina, na habari yake husambaa kwa kutumwa mkono kwa mkono kwenye makundi ya simu. Anayezuiwa na ada ni yule aliyekuwa tayari kuandika jina lake, anwani yake na namba yake ya mlipakodi. Kwa hiyo naona usajili wa mtengenezaji mdogo ungekuwa wa bure au wa gharama ya stempu, na uwajibikaji wake ungebaki palepale chini ya sheria za jinai na za madai ambazo tayari tunazo.

Nirudi Kibirizi, kwa sababu huko ndiko ningependa mdhibiti afanye majaribio. Vijana wa vibandani kwa sheria iliyopo ni wavunjaji wa hakimiliki, na siku moja moja hufukuzwa na kompyuta zao huchukuliwa. Baada ya juma moja wengine huwa wamekwisha kukaa mahali palepale. Ingewezekana kuwafanya mawakala, kama tulivyowafanya wenye maduka kuwa mawakala wa fedha kwa simu. Kibanda kingepokea usiku, wakati mtandao una nafasi, nakala halali za filamu, nyimbo na masomo kutoka kwenye hifadhi moja iliyo hapa mjini, ambako Mkongo wa Taifa, yaani njia kuu ya nyaya za mawasiliano nchini, umekwisha kufika. Mteja angelipa kwa simu yake bei ileile ya mia chache, fedha ingegawanywa papo hapo kwa viwango vilivyotangazwa hadharani, na mwenye kazi angepokea ujumbe mfupi kila kazi yake inaponunuliwa. Kila kipande cha mpango huo kipo tayari mahali fulani nchini. Kinachohitajika ni leseni ndogo ya wakala wa maudhui na mkataba wa mfano unaoweka kiwango cha chini cha fungu la mwenye kazi, ambao TCRA na COSOTA wangeuandika pamoja.

TCRA hutoa taarifa ya takwimu za mawasiliano kila robo ya mwaka, nami huisoma kwa makini, maana ni kazi nzuri. Ningeomba iongezewe mambo matatu kwa kila wilaya: idadi ya vijiji ambako video ya kilobiti 500 hupita bila kukatika saa 2 usiku, fedha iliyokatwa kwa huduma za nyongeza na iliyorudishwa baada ya malalamiko, na fedha iliyowafikia wenye kazi zilizouzwa kupitia simu. Taarifa hizo kampuni wanazo kwenye mitambo yao. Uvinza, Buhigwe na Kakonko zingefaa kuwa wilaya za kwanza kupimwa.